Namba za Tabuteau kwa Kiswahili: shajara ya mradi

13 Januari

Nimenunua daftari la jalada gumu kwa ajili ya kazi hii moja. Lengo ni kwamba hadi mwisho wa Novemba niwe na kijitabu cha kurasa 40 hivi, kwa Kiswahili, kinachomweleza kijana wa hapa Dar es Salaam jinsi Marcel Tabuteau, Mfaransa mpiga obo, ala ya mbao ya kupuliza, alivyofundisha kupuliza. Wasifu mtupu sitaki. Nataka kijana akikifunga kijitabu achukue klarineti yake na kufanya jambo ambalo jana lilimshinda.

Nina wanafunzi 14 kila Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa: klarineti 8, filimbi 5, saksofoni 1. Vidole vyao ni vyepesi kuliko vyangu, na nota wanasoma bila kukwama. Lakini wakianza kupuliza, kila nota inasimama peke yake kama watu kwenye foleni ya benki, hakuna anayemjua mwenzake. Nimewaambia mara nyingi mno wapulize kwa hisia, na kila mara nimeona nyuso zikiniuliza hiyo hisia iko kwenye kidole kipi. Wana haki ya kuuliza. Mwalimu anayetaja hisia bila kuonyesha njia ya kuifikia bado hajafundisha kitu.

Tabuteau aliionyesha njia, tena kwa namba: 1, 2, 3, 4, 5. Namba kila mtoto anazo.

20 Januari

Ukurasa wa kwanza nimeuandika mara tatu na kuuchana mara mbili. Huu uliobaki unaanzia Compiègne, mji ulio kaskazini ya Paris, alikozaliwa 2 Julai 1887. Akiwa kijana aliingia Conservatoire, chuo cha muziki cha Paris, katika darasa la Georges Gillet, aliyefundisha obo hapo tangu 1881 hadi 1919. Mwaka 1904 Tabuteau alipata zawadi ya kwanza, ana miaka 17.

Mwaka uliofuata Walter Damrosch, mwongozaji wa okestra ya New York Symphony, alifika Ufaransa kutafuta wapulizaji. Alirudi na watano: wa filimbi, obo, klarineti, basuni na tarumbeta. Wa filimbi alikuwa Georges Barrère, wa obo alikuwa Tabuteau, kijana aliyekuwa ametimiza miaka 18 mwaka huohuo. Chama cha wanamuziki cha New York kilikasirika, kwa nini kazi wapewe wageni, na Damrosch akatozwa faini ya dola 1,000. Jambo hili nitalieleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu vijana wangu wanadhani muziki wa okestra ulianguka kutoka mbinguni. Ulitembea kwa miguu. Ulipanda meli na vijana wasiojua Kiingereza, na ukakuta watu mlangoni wanaopigania ugali wao.

Kutoka hapo nakwenda haraka: okestra ya Metropolitan Opera, New York, 1908 hadi 1914, miaka ambayo Toscanini alikuwa akiongoza pale, kisha 1915 okestra ya Philadelphia chini ya mwongozaji Stokowski. Hapo ndipo alipokaa hadi 1954, kiti kilekile, misimu 39.

27 Januari

Nimegundua leo kwamba nusu ya wanafunzi hawajawahi kuiona obo kwa macho. Niliileta yangu. Niliinunua kuukuu, binamu yangu aliye Ujerumani akaitafuta kwa miezi na kuniletea alipokuja kuhani. Ni ya mbao, si ya plastiki, na funguo mbili zimechakaa fedha yote.

Nikawaambia: ninyi mnaijua obo, ila mnaijua kwa jina la zumari. Kijana mmoja ambaye kwao ni Tanga akaruka. Bibi yake alikuwa akisimulia zumari za harusi. Ndiyo, nikamwambia, jamaa moja. Pumzi inapita kati ya ndimi mbili nyembamba zilizofungwa pamoja, zinapigana haraka sana, na bomba linakuza mlio. Mpiga zumari hujaza mashavu, akavuta hewa kwa pua huku akiendelea kupuliza, sauti haikatiki hadi ngoma imalizike. Mpiga obo ana taabu ya aina nyingine: tundu ni dogo mno hata hewa haimwishii. Anabaki nayo kifuani imechakaa, na lazima aitoe kwanza ndipo avute mpya. Wengi wanaoanza hudhani wamekosa pumzi, kumbe zimewajaa.

Maelezo haya yaingie ukurasa wa 3, zumari ikiwa mbele ya obo. Msomaji aanze na anachokijua.

10 Februari

Ndimi. Wiki mbili nimekuwa mezani na kisu. Ulimi wa obo haununuliwi ukakaa, unachongwa na mpigaji mwenyewe, unadumu siku chache, kisha anachonga mwingine. Mwanzi wenyewe ni wa jamii ya *Arundo donax*, na unaotafutwa zaidi unatoka Var, kusini mwa Ufaransa. Unapasuliwa, unakwanguliwa ndani hadi unene wa karibu milimita 0.6, unakunjwa katikati, unafungwa kwa uzi juu ya mrija mdogo, urefu wa mrija kwa kawaida milimita 47. Kisha unakata pale ulipokunjwa, unapata midomo miwili, na kazi ya kukwangua ndiyo inaanza.

Hapa mchango wa Tabuteau unashikika kwa mkono. Wafaransa walikwangua sehemu fupi karibu na ncha. Yeye, katika miaka yake ya Marekani, alikuza mkwanguo mrefu: ncha nyembamba kabisa, nyuma yake moyo mnene kidogo, kisha mgongo mrefu uliopunguzwa pande mbili na kuachiwa uti katikati. Matokeo yake ni sauti nzito, ya duara, isiyopiga kelele puani. Karibu kila mpiga obo wa okestra za Marekani leo anachonga kwa namna hiyo au kwa namna iliyozaliwa nayo. Ukiupuliza ulimi peke yake, bila obo, unapaswa kukupa C, tena C mbili kwa pamoja, ya juu na ya chini. Wangu wa jana umetoa mlio wa paka aliyefungiwa kabatini.

Nimeharibu mianzi 11. Imebaki 9.

2 Machi

Tatizo si mwanzi, ni kisu. Nimejua hilo baada ya kufika Mwenge kwa wachonga vinyago.

Kuna mzee mmoja pale, Mmakonde, ambaye nilimwona zamani akinoa patasi zake kwa utulivu uliobaki kichwani mwangu. Nikamwendea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta kinyago?"

"Natafuta kujifunza kunoa."

Akaniangalia, akanyoosha mkono, nikampa kisu. Alikipitisha kwenye ukucha wa kidole gumba, hakikushika, kikateleza. Hakusema neno. Alichukua jiwe, akalilowesha, akaanza. Nilitarajia aniambie pembe ngapi na mara ngapi. Alichoniambia ni hiki tu: "Usisukume. Kisu kina uzito wake, uache ufanye kazi."

Nilipotoa obo ili nimwonyeshe ulimi unakaa wapi, aliiweka sanduku pembeni na kuishika bomba yenyewe. Akaipima uzito kwenye kiganja. Akaigeuza, akatazama ndani ya kengele, ule mdomo mpana wa chini, ambako rangi imekwaruzika.

"Huu mpingo."

Ni mpingo kweli. Obo za Lorée za Paris, kiwanda kilichoanza 1881, ambazo Tabuteau na wanafunzi wake walizipiga, zinatengenezwa kwa mti huu, na klarineti nzuri vilevile, na mti huo unatoka Tanzania na Msumbiji zaidi ya kwingine kokote. Nilimweleza mzee. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama inalia vizuri. Sikuwa na ulimi wa kumpulizia. Nilimwahidi kwamba siku nikiupata nitarudi.

Mti wa mpingo unaota polepole mno, mtu anayeupanda hatauvuna. Kuna vijiji vya Kilwa vilivyopata cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha usimamizi mzuri wa misitu, mwaka 2009 kwa kusimamia msitu wao wa asili, na hilo nimeliwekea aya moja kijitabuni. Vijana wangu wanapuliza klarineti za plastiki, lakini wajue kwamba sauti ambayo dunia inaiita nzuri imeota Lindi.

16 Machi

C mbili! Saa tano usiku, ulimi wa 14. Mke wangu ameamka akidhani nimeumia.

6 Aprili

Leo nimeanza kuwafundisha namba, na nimekosea. Naandika yote.

Namba za Tabuteau zina kazi mbili. Ya kwanza ni ya nota moja ndefu: unaihesabu kichwani kutoka 1 kupanda, kisha kushuka kurudi 1, na kila namba ni hatua ya nguvu ya sauti, hakuna kuruka. Ya pili ni ya nota nyingi za haraka: namba zinaonyesha nota ipi inaelekea wapi. Nilianza na ya kwanza. Nikawaambia 1 ni ndogo, 5 ni kubwa. Basi 5 ikawa kishindo. Filimbi ziliruka oktava, klarineti zikapiga ukunga, na binti wa klarineti ya tatu, aliye makini kuliko wote, akaniuliza: "Mwalimu, kwa hiyo ni kupunguza na kuongeza sauti tu? Hilo tulikuwa tunalijua."

Alikuwa amenishika. Kama namba ni sauti kubwa na ndogo, Tabuteau hakuleta jipya.

9 Aprili

Nimerudi kwenye maelezo ya wanafunzi wake. Yeye mwenyewe hakuacha kitabu cha mafunzo. Mfumo wote ulipita kwa midomo, ukaandikwa baadaye na waliomsikia. Kinachojitokeza ni kwamba namba hazihusu ukubwa wa sauti kwanza. Zinahusu mwendo wa pumzi, jinsi sauti inavyojaa na kung'aa ndani yake. Unaweza kupanda kutoka 1 hadi 5 na bado uko kwenye sauti ya chini.

Nimehangaika na namna ya kulisema kwa Kiswahili. "Ukali" hapana, unaleta kelele. "Msisitizo" hapana, unaleta pigo. Jirani alikuwa akimwagilia bustani, na nikaona. Ukibana mdomo wa mpira kwa kidole gumba, maji yanaruka mbali, ingawa bomba hukuliongeza. Maji ni yaleyale, kasi ndiyo imebadilika. Neno litakuwa "kasi ya pumzi".

13 Aprili

Tulitoka nje ya ukumbi, nikaleta mpira wa maji, kila mmoja akabana kwa zamu yake. Walilowana, walicheka, na tuliporudi ndani klarineti 8 zilipanda kutoka 1 hadi 5 bila hata moja kupiga kelele. Niliwasikiliza nikiwa nimewapa mgongo ili nisiwaone. Nota ile ilikuwa ikienda mahali.

Mpira wa maji uwe na mchoro wake, ukurasa wa 9.

18 Mei

Mwezi umepita na mambo madogo. Nimeandika sura ya Curtis. Taasisi ya muziki ya Curtis ilifunguliwa Philadelphia mwaka 1924 kwa fedha za Mary Louise Curtis Bok, na tangu 1928 wanafunzi wake hawalipi ada. Tabuteau alikuwapo tangu mwanzo na alifundisha miaka 30. Hakuwa na wapiga obo peke yao. Alikuwa na darasa la ala zote za kupuliza, filimbi, klarineti, basuni, honi, wote mbele yake, na wapiga nyuzi pia walimfuata kujifunza. Alikuwa mkali, hilo kila aliyepita kwake analisema, na wengine walilia.

Ukali ule siutaki uigwe. Nimefundishwa na mtu mkali, na kwa miaka miwili nilikuwa nikipuliza mabega yamepanda hadi masikioni. Nitaandika kwamba alikuwa mkali kwa sababu ni kweli, kisha nitaandika kwamba namba zake zinafanya kazi bila ukali, kwa sababu hilo pia nimeliona kwa macho yangu.

15 Juni

Siku kubwa kuliko zote za mradi huu.

Nilifika kwenye kazi ya pili ya namba. Nota nne za haraka katika pigo moja, kila mwanafunzi duniani huzipiga 1-2-3-4, 1-2-3-4, pigo likiwa ukuta. Tabuteau alivunja ukuta. Nota ya 1 ni mahali pa kufika, 2-3-4 ni safari ya kwenda kwenye 1 inayofuata. Kwa hiyo: 1, kisha 2-3-4-1, 2-3-4-1. Nota ziko palepale kwenye karatasi, kilichobadilika ni upande zinakotazama.

Nililieleza vizuri, nadhani. Hawakulishika. Tulijaribu kwa makofi, kwa kutembea, kwa kuimba namba, na bado pigo likawa ukuta. Nikachoka, nikawaambia tupumzike, wakatoka nje. Kutoka dirishani nikawasikia watoto wadogo wa shule ya Jumapili wakiimba mchezo, na wakati huo nikasikia Kiswahili chenyewe.

Mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Wana-CHE-za. Mia-VU-li. Hatusemi WA-nacheza, mgeni anayejifunza lugha ndiye anayesema hivyo. Neno la silabi nne kwetu lina silabi mbili zinazopanda, moja ya kufika, moja ya kushuka. Ukilipanga juu ya nota nne, CHE ikae kwenye pigo, unapata 3-4-1-2: *wa-na-CHE-za, wa-na-CHE-za*. Maneno yanavuka pigo yenyewe!

Niliwaita ndani. Nikawaambia waimbe skeli ya G kwa neno "wanacheza", CHE kwenye pigo. Wakaimba bila hata kufikiri. Kisha nikasema: pulizeni hilohilo.

Sijui niandike nini kuhusu sauti iliyotoka. Ilikuwa ni watoto walewale na klarineti zilezile za plastiki, na skeli ileile tuliyoipiga tangu mwaka juzi. Ilikuwa inazungumza. Kijana wa Tanga alishusha filimbi yake katikati akasikiliza wenzake.

Huu mpangilio wa 3-4-1-2 kwa maneno ni wangu, na kijitabuni nitasema wazi kwamba ni wangu, asibebeshwe Tabuteau. Yeye nitampa 2-3-4-1. Kwa huo nimepata neno refu kidogo: *wa-na-pi-TA-na*, silabi tatu zinakwenda, TA inafika. Lakini kwa mtoto wa Kiswahili mlango wa kuingilia ni "wanacheza". Mengine atayafuata akiwa ndani.

29 Juni

Orodha ya maneno: wanacheza, miavuli, tunakwenda, samahani, karafuu tumeikataa kwa sababu ya vokali mbili mwishoni, zilikuwa zinavutwa. "Samahani" ndilo limekuwa pendwa. Ukumbi mzima unaomba radhi kwa sauti ya klarineti.

13 Julai

Sura ya wanafunzi wake. Nilipanga kurasa 2, zimekuwa 6, na sikati hata moja, kwa sababu hapa ndipo kazi ya mwalimu inaonekana. Harold Gomberg alikaa kiti cha kwanza New York Philharmonic, ndugu yake Ralph akakaa Boston. John Mack, Cleveland, tangu 1965 hadi 2001. Kulikuwa na wakati ambapo ukiwasha redio Marekani na kusikia obo, ulikuwa unamsikia mwanafunzi wa Tabuteau.

Na John de Lancie. Mwaka 1945 alikuwa askari wa Marekani kusini mwa Ujerumani, akapata kumtembelea mtunzi wa Kijerumani Richard Strauss nyumbani kwake Garmisch. Mzee yule alikuwa amevuka miaka 80. De Lancie, aliyekuwa mpiga obo wa kwanza Pittsburgh kabla ya vita, akamuuliza kama amewahi kufikiria kuandika konsati ya obo, yaani muziki ambao obo inaongoza na okestra inaitikia. Strauss akajibu hapana, basi, mazungumzo yakahamia kwingine. Miezi michache baadaye de Lancie akasikia kwamba konsati imeandikwa. Ilipigwa kwa mara ya kwanza Zurich, Februari 1946.

Nikiwasimulia vijana, walitaka kujua kama de Lancie aliipiga. Strauss alitaka yeye ndiye awe wa kwanza kuipiga Marekani. Lakini alikuwa amejiunga na okestra ya Philadelphia kwenye kiti cha chini, na kiti cha kwanza kilikuwa cha mwalimu wake. Haikuwezekana mdogo apige mbele ya mkubwa. Heshima hiyo akamwachia mpiga obo mwenzake, Mitchell Miller. Tabuteau alipostaafu 1954, de Lancie ndiye aliyekaa kiti chake, hadi 1977. Konsati ile aliirekodi mwenyewe miaka ya 1980.

Ukumbi ulinyamaza. Binti wa klarineti ya tatu akasema, "Miaka yote hiyo, Mwalimu." Ndiyo.

3 Agosti

Nilijaribu matete kutoka mto Ruvu badala ya mwanzi wa Ufaransa, ambao bei yake inaniumiza. Ni laini mno, yananyonya mate na kulegea ndani ya dakika kumi. Nimeacha.

17 Agosti

Binti wa klarineti ya tatu ameomba kujifunza obo. Mama yake alikuja naye, tukaongea nje ya ukumbi.

"Mwalimu, si kwamba nakataa. Ana mitihani mwakani. Na hiki chombo nimeambiwa hata ulimi wake unatengeneza mwenyewe. Atapata wapi muda?"

Nilimwambia ukweli: kuchonga kunakula saa nyingi, na hapa mjini wanaopiga obo ni wachache sana. Nikamwambia pia kuhusu Laila Storch. Alitoka California, na mwaka 1945 akawa mwanamke wa kwanza kuhitimu obo Curtis chini ya Tabuteau. Darasani kwake wasichana hawakuwa wamefika hapo kabla yake. Baadaye akawa mpiga obo wa kwanza wa okestra ya Houston, akafundisha chuo kikuu, na ndiye aliyekuja kuandika wasifu wa mwalimu wake, ukatoka 2008. Barua alizomwandikia mama yake akiwa mwanafunzi zilihifadhiwa, na mengi tunayojua juu ya masomo yale yanatoka kwenye barua hizo.

Mama alifikiri. "Kwa hiyo alikuwa anamwandikia mama yake kila kitu?"

"Karibu kila kitu, dada."

Akamgeukia binti. "Basi na wewe utakuwa unaniandikia."

Jumamosi mbili kwa mwezi, bila kugusa wakati wa mitihani. Tumekubaliana.

21 Septemba

Daftari la binti. Ameandika kwa mama yake: "Leo nimejifunza kutoa pumzi kabla ya kuvuta. Mwalimu anasema obo inakujaza badala ya kukumaliza." Nimemwomba ruhusa niweke sentensi hiyo ukurasa wa 3, chini ya maelezo yangu marefu. Yake inatosha. Maelezo yangu nimeyapunguza nusu.

12 Oktoba

Nimesikiliza tena sauti ya Tabuteau mwenyewe akifundisha. Mwishoni mwa uhai wake, akiwa amerudi Ufaransa, alirekodi masomo yake kwenye utepe. Kiingereza chake kina Kifaransa kizito hata baada ya miaka yote ya Marekani. Anapiga kipande, anasimama, anakieleza kwa namba, anakipiga tena. Alifariki Nice, 4 Januari 1966.

Nikamsikiliza pia kwenye rekodi ya 1950 ya Prades, mji wa Ufaransa, ambako Pablo Casals aliongoza na Isaac Stern akapiga fidla, konsati ya Bach ya fidla na obo. Tabuteau alikuwa na karibu miaka 63. Katika sehemu ya polepole obo inaanza nota ndefu na nikajikuta nahesabu: 1, 2, 3, na pale nilipotarajia 4 alibaki kwenye 3, akasubiri fidla ifike, ndipo akapanda. Nilirudisha mara sita. Zile namba hakuwa amezifanya gereza. Alizijua hata akaweza kusimama juu ya moja na kusubiri mwenzake.

Hilo linahitaji somo lake: "Kusubiri kwenye 3." Litakuwa la mwisho.

9 Novemba

Mswada una kurasa 46. Mpiga chapa wa Kariakoo amenipa bei ya nakala 60, karatasi nyeupe, pini za katikati. Ndugu wa kanisani wamechanga sehemu, nami nimemalizia. Nimesahihisha ukurasa wa 9, mchoro wa mpira wa maji ulikuwa umegeuzwa juu chini.

23 Novemba

Nakala zimetoka. Kabla ya kuzigawa nilichukua moja, nikachukua na obo, nikaenda Mwenge.

Mzee alikuwa anamalizia kazi kubwa, watu wamepandana mabegani. Nilimpa kijitabu, akakipokea kwa mikono miwili, akatafuta ukurasa wenye neno mpingo, akausoma taratibu hadi mwisho. Kisha akakiweka juu ya sanduku lake la patasi na kuniambia, "Haya. Uliniahidi."

Ulimi ulikuwa wa 53, mzuri kuliko yote niliyochonga. Nilipuliza nota moja, A, ile ambayo obo huwapa okestra nzima kabla ya kuanza. Nikapanda hadi 3, nikasubiri, nikapanda hadi 5, nikashuka. Wachongaji wa mabanda ya jirani wakaacha kugonga.

Akaomba nirudie kwa sauti ya chini zaidi. Nilipofika chini kabisa alinyoosha mkono akaugusisha kwenye kengele ya obo, vidole vinne vimelala juu ya mbao, na akaacha hapo hadi nota ilipoisha.

"Kisu bado kinakata?" akauliza.

Nikampa. Akakipitisha kwenye ukucha, kikashika. Akanirudishia, akachukua patasi yake.